Kufelishwa Utangulizi wa Tiba

Shaibu bin Mfaume (Mganga),
Kanga, Mafia.
Alhamisi, asubuhi.

Kwa Mganga Mkuu wa Wilaya,
Kilindoni.

YAH: KUFELISHWA UTANGULIZI, KUITWA MBADALA, NA OMBI LA UNAIBU

Mheshimiwa Mganga Mkuu, mganga mwenzangu,

Shikamoo, ikiwa umri wako umezidi wangu. Ikiwa haujazidi, ipokee kwa heshima ya kiti ulichokalia, na siku tukionana utaniamkia wewe, tutakuwa sawa.

Sina haja ya kujieleza kwa urefu, maana mganga wa cheo chako atakuwa ameshaniona ndani ya bakuli la maji kabla barua haijafika. Lakini kwa ajili ya karani wako, ambaye huenda haoni mbali, mimi ndiye Mjomba Shaibu wa Kanga. Nimesoma hadi darasa la nne. La tano niliingia, nikatoka baada ya mwalimu kukosa la kunijibu. Nimetibu watu mia tatu na kumi na tisa. Mia tatu na kumi na saba wamepona, na wawili wamekufa kwa ukaidi wao.

Jambo lenyewe ni hili. Wiki iliyopita nilihudhuria semina ya tiba ya siku tatu. Tulikuwa washiriki kumi na wanne. Kumi na watatu wamepewa vyeti, na wa kumi na nne anakuandikia barua. Kwa sababu hiyo nimeahidi mbele ya watu wa Kanga kwamba kesho Ijumaa nitatembea kutoka barazani kwangu hadi msikitini, bila gongo la kuegemea, kwa mguu huu wa kulia uliochomwa mwiba na samaki taa, nikiwa nimeutibu mwenyewe kwa dawa zangu. Nikifika, walionifelisha wataona haya. Nisipofika, hakuna atakayepiga hodi kwangu tena maisha. Kwa hiyo unaona kuwa barua hii ina haraka. Naandika mguu ukiwa juu ya mto wa sufi, na naanza.

1. Nimefelishwa utangulizi. Semina iliitwa Utangulizi wa Tiba Jumuishi na Tiba Mbadala. Nimeyanakili maneno hayo kutoka kwenye kitambaa kilichotundikwa ukumbini, na kama kuna kosa la herufi ni la kitambaa. Ilifanyika kwenye hoteli moja ya wageni kule Utende, mbele ya Ghuba ya Chole. Mwalimu alikuwa mama mmoja wa Kizungu ambaye jina lake lilitushinda, tukamwita Mama Mbadala, naye akalipenda. Mkalimani wake alikuwa Godlove, bwana mmoja wa bara anayefanya kazi hotelini hapo.

Sasa nikuulize. Kitabu kikiwa na utangulizi, si ndio ule ukurasa ambao kila mtu anauruka? Utangulizi ni hodi. Mtu anaweza kuingia akashindwa kukaa, anaweza kukaa akashindwa kula, lakini nani umepata kusikia amefeli hodi? Ningefelishwa tiba yenyewe ningesema binadamu tunatofautiana. Mimi nimefelishwa mlangoni. Na watu wa Kanga wameshapata la kusema. Wakipita barazani kwangu wananiamkia vizuri, kisha wanaulizana kwa sauti ya kunifikia: "Hivi Mjomba, kitabu chenyewe anaanza lini?"

2. Nimeitwa mbadala. Godlove alitufafanulia kuwa mbadala ni kitu cha kushika nafasi ya kingine, kama mchezaji wa akiba anavyokaa benchi akingoja mwenzake aumie. Iliniingia. Babu yangu alikuwa anaganga hapa Kanga kabla ya zahanati, kabla ya barabara, na kabla ya minazi, ingawa hili la minazi nalisema kwa kukadiria. Zahanati imejengwa mimi nimeshaoa. Sasa nani kaja kushika nafasi ya nani? Kwa hesabu yoyote ya haki, mimi ndiye tiba, na hospitali yako ndiyo mbadala. Sisemi kwa ubaya. Mbadala nao wana kazi yao, hasa kwenye mifupa na akina mama waja wazito. Ila naomba kibao chenu kirekebishwe kisomeke Hospitali Mbadala ya Wilaya, na rangi nitachangia.

3. Hili ndilo lililonifelisha, na nitalieleza kama lilivyotokea, bila kutia chumvi, ingawa chumvi ninayo.

Siku ya kwanza Mama Mbadala alijitambulisha kwa Kiswahili alichojifunza kitabuni. Alisema kwamba mara ya kwanza alikuja Mafia kupunga upepo. Hivyo ndivyo Godlove anavyoapa kuwa alisema. Mimi nilikaa nyuma kabisa, mguu nimeuegemeza dirishani, feni inapiga kelele juu ya kichwa changu, na nilichosikia ni kwamba alikuja Mafia kupunga pepo. Ni herufi moja tu, Mheshimiwa. Mwenye kupunga upepo anataka kiti cha ufukweni na dafu. Mwenye kupunga pepo anataka mganga. Nikautazama ukumbi mzima, nikajiona mganga ni mimi peke yangu. Nikasema moyoni, mama huyu maskini katoka kwao mbali kote huko na pepo wake kichwani, anaona haya kusema waziwazi, ndiyo maana kajifanya mwalimu.

Siku ya pili nikaja na vifaa: chetezo, udi, ubani, shuka jekundu na tari ya marehemu baba. Baada ya chai Mama Mbadala akatuambia tukae chini, tukunje miguu, tufumbe macho, tunyamaze. Mguu wangu haukunjiki, kwa hiyo na macho sikufumba. Ndipo nikamwona. Ameketi, mgongo umenyooka kama mlingoti, vidole vimeshikana, na kifuani kwake ikaanza kutoka sauti nene, mmmmmm, haikomi. Watu kumi na watatu wamefumba macho, hakuna hata mmoja aliyeona kuwa mwalimu wao kapandwa na pepo.

Ungefanya nini wewe? Ungetazama tu mtu akipandwa kazini? Nilimfunika shuka, nikapuliza chetezo, nikapiga tari mara tatu, nikamuuliza pepo kwa adabu jina lake nani, kwao wapi, na anataka apewe nini hata akiachie kiti chake, yaani mwili wa mama huyu. Pepo akajibu kwa lugha ya kwao, kwa sauti kubwa. Nikamwambia Godlove atafsiri. Godlove akasema maneno yale hayatafsiriki mbele ya watu wazima. Nikajua ni pepo mkubwa, nikaongeza ubani. Hapo kengele ya moto ya hoteli, ambayo mimi sikujua kuwa ipo, ikaanza kulia yenyewe darini, jambo ambalo kwa mganga yeyote ni ushahidi wa kutosha. Wageni wakatoka vyumbani na mataulo wakakimbilia gatini. Mmoja alikuwa amepakwa matope uso mzima, yamebaki macho tu. Huyo hata mimi nilimkimbia kidogo.

Shuka lilipofunuliwa Mama Mbadala alikuwa anatokwa machozi, anakohoa, pua nyekundu, anaongea bila kituo. Mtu aliyekuwa bubu dakika tano nyuma sasa anaongea. Si kapona huyo? Godlove akanishika bega. "Mjomba, mama hakupandwa. Alikuwa anatafakari." Nikamuuliza, na sasa anatafakari nini? Akaenda kufungua madirisha. Lakini kwenye karatasi yangu ya matokeo, mahali pa maoni, wameandika kuwa mshiriki hakuheshimu ukimya.

4. Vitu vyetu vimebadilishwa majina vikarudishwa kwetu vimevaa viatu. Kuumika damu mbaya, kwetu ni kwa pembe ya ng'ombe, kwao ni kwa bilauri. Kwetu ni kujifukiza chini ya blanketi, kwao ni tiba ya harufu. Kwetu ni kukandwa kwa mafuta ya nazi, na kwao ni kukandwa kwa mafuta hayohayo ya nazi, ila kwa muziki wa maji yanayotiririka, ambao ulinifanya nitoke mara nne kwenda haja ndogo. Kuna afisa mmoja, simtaji, aliwahi kuniita mshirikina kwa ajili ya pembe. Siku ya bilauri alikuwepo ukumbini, amevua shati, bilauri sita mgongoni, anasinzia. Nimetafuta sana tofauti iliyopo kati ya ushirikina na ujumuishi, nimeona ni kiyoyozi.

Kuhusu zile sindano nyembamba za Kichina, ambazo mtu anachomwa sikio ili apone goti, sikuzipinga. Mimi mwenyewe nilishamchanja mtu chale kisiginoni kwa ajili ya meno, na tangu siku ile hakuna jino linalomsumbua. Hana jino.

5. Maji. Siku ya tatu, chetezo changu kikiwa kimefungiwa ofisini na mimi nimekalishwa karibu na mlango, tulifundishwa dawa ambayo kadiri unavyoizidishia maji ndivyo inavyozidi nguvu. Unatia tone moja ndani ya chupa ya maji, unachukua tone la chupa hiyo unatia ndani ya nyingine, unaendelea hivyo mpaka dawa yenyewe haimo tena, yamebaki maji yanayoikumbuka. Maji yana kumbukumbu, tuliambiwa. Mke wangu Sabra, aliyekuja siku hiyo kunishika mkono kwa sababu ya mguu, akauliza kama maji hayo yanakumbuka na vyoo yalivyopitia. Godlove hakutafsiri.

Ukumbi ulicheka. Mimi sikucheka, nilikuwa napiga hesabu. Mwaka ule hifadhi ya bahari ilipoanza, niliingia ghubani kumtibu papa potwe aliyekuwa na kikohozi. Hili lina mashahidi, ila wamekufa. Papa mwenyewe ukimwona kichwa leo, mkia unauona kesho. Nilipomtia dawa mdomoni akapiga chafya, chupa ikaniponyoka, dawa ikamwagika yote baharini. Sasa kwa elimu ya Mama Mbadala, dawa ile imekuwa ikikorogwa na maji ya Ghuba ya Chole yote, kujaa na kupwa, kwa miaka kumi na sita. Hakuna dawa duniani iliyozidishiwa maji kiasi hicho. Ghuba ni chupa yangu. Kila mgeni anayezama pale na kuibuka akisema anajisikia mzima, nimemtibu mimi. Potwe wanaopita kila mwaka, hakuna anayekohoa, nenda kawasikilize. Maana yake hifadhi yote ni duka langu la dawa, na wale askari walionikuta naokota matumbawe wakanirudisha nchi kavu walikuwa wanailinda dawa yangu bila wao kujua. Kwa hilo nawashukuru. Sidai kitu, naomba tu iandikwe kwenye ramani.

6. La sita lilikuwepo, tena zito kuliko haya yote. Lakini Devotha wa zahanati ameingia sasa hivi kuutazama mguu, nikalisahau. Likirudi nitaliandika. Acha nafasi.

7. Tiba ya mikono isiyogusa. Hapa lazima kwanza ujue habari za mguu. Jumapili kabla ya semina nilikuwa pwani, maji yamekupwa, nikakutana na taa mwenye ukubwa wa mlango wa msikiti. Tulipambana tangu maji yakiwa kifundoni hadi yakanifika kifuani. Yeye akaniachia mwiba mguuni, mimi nikamwachia roho yake kwa huruma. Sabra, ambaye ananisomea begani, anasema niandike kuwa taa alikuwa sawa na kifuniko cha sufuria na kwamba nilimkanyaga. Nimeandika kwa kuwa amesimama hapa.

Basi siku ya tatu Mama Mbadala alipouona ule mguu, pamoja na yote yaliyopita baina yetu, alikuja akapiga magoti mbele yangu. Lazima niseme kweli, ni mtu mwenye roho nzuri. Alinyoosha mikono juu ya mguu bila kuugusa, robo saa nzima, akasema anahisi joto. Hata mimi nilihisi joto, mguu ulikuwa unawaka. Kisha akamnong'oneza Godlove, na Godlove akanitafsiria safari hii bila kuruka neno. "Mama anasema haya ya mikono ni ya kukutuliza tu. Hospitali uende leo." Hapo, Mheshimiwa, ndipo nilipomdharau. Mganga gani anampeleka mgonjwa wake kwa mbadala? Nikasimama mbele ya wote nikasema mguu huu nitauganga mimi, na Ijumaa nitatembea nao msikitini. Ijumaa iliyopita ilinyesha mvua, nikaahirisha. Sabra anasema haikunyesha. Hapa nyumbani haikunyesha, njiani ilinyesha.

Sasa sikiliza kilichonikata maini. Aliyeongoza kwa alama semina nzima ni Abeid, mtoto wa dada yangu, mtu mzima wa miaka thelathini na mitano, mkulima wa mwani. Abeid hajawahi kuganga hata kuku. Siku ile ya kutafakari alilala, akakoroma, chetezo kimepita puani kwake na kengele imelia, hakuamka. Kwenye karatasi yake wameandika: utulivu wa hali ya juu. Cheti amekitundika juu ya mlango kwa misumari minne, na watu walewale waliokuwa wakikaa barazani kwangu sasa wanakaa kwake, anawanyooshea mikono. Juzi alikuja kunitibu mimi, mjomba wake niliyemfundisha kuvaa kikoi. Akafumba macho, mikono juu ya mguu, akaniambia, "Mjomba, nahisi kuna kitu kinapita." Nikamwambia kinachopita ni nzi.

8. Devotha. Huyu mnamwita Mganga Mfawidhi wa zahanati. Wewe ni Mkuu, yeye ni Mfawidhi, mimi nimebaki Mganga mtupu kama mtu aliyesahau jina la baba yake. Ni mwanamke wa bara, Mkristo, mwaka wa sita huu yuko hapa Kanga, na sina ubaya naye isipokuwa huu. Tangu nirudi kutoka Utende anakuja kwangu asubuhi na jioni bila kuitwa. Ananiosha mguu kwa maji ya moto, ananifunga kitambaa safi, na ananiachia vidonge ambavyo nami, kwa kumheshimu, navipokea kwa mikono miwili na kuvisokomeza chini ya mkeka. Mashitaka yangu ni kwamba ananiharibia jina. Mtu akimwona anaingia kwangu na mkoba ule mweupe ataelewa nini? Ataelewa mganga anagangwa.

Jana nilimwambia waziwazi aache kushindana na mimi. Akaweka beseni chini. "Mjomba, mimi sishindani na wewe. Mimi nahesabu vidole vyako tu. Leo viko vitano, na kesho nataka nivikute vitano." Kisha akaendelea kuosha kama hakusema neno. Nakuuliza, hiyo ni lugha ya kumwambia mtu wa cheo changu?

Baada ya hayo nafikia maombi yangu, ambayo ni madogo.

Naomba cheti. Si lazima kiwe cha utangulizi. Nikipewa cha hitimisho nitaridhika, maana mtu akishamaliza nani atamuuliza alianzia wapi. Naomba pia unaibu. Hakuna mkuu asiye na walio chini yake. Mwalimu mkuu ana walimu, na wewe, kwa kuwa ni Mganga Mkuu wa Wilaya, lazima uwe na waganga, na ukianza kuwahesabu kutoka Bweni hadi Jibondo utaanzia kwangu. Sijui wewe kilemba ulivikwa na nani, wala pepo wako ni wa bara au wa pwani, na sitaki kuchimba. Lakini Mkuu bila Naibu akiumwa nani atamganga?

Ukinipa nafasi hiyo nitaiondolea wilaya taabu zote. Kwa kuwa imethibitika na semina kwamba mikono inaponya bila kugusa, sioni kwa nini iishie dhiraa moja. Mimi nikikaa barazani kwangu nikanyoosha mikono upande wa kaskazini nafika Bweni, mpaka kwenye mnara wa taa. Nikigeuka kusini nafika Kilindoni na chenji inabaki. Jumatatu nitatibu homa, Jumanne matumbo, Jumatano macho, na wagonjwa wasije, wabaki majumbani mwao waelekee Kanga tu. Kwa maji hatutakuwa na shida, ghuba ipo. Zahanati zote zigeuzwe maghala ya mwani, na Devotha nitamwajiri mimi mwenyewe awe ananichemshia dawa, maana mkono wake wa maji ya moto ni mzuri. Wewe utapumzika. Utapata hata siku ya kuja pwani kupunga upepo, na safari hii nitahakikisha nimesikia herufi zote.

Nakusihi unijibu kabla ya adhana ya kesho, ili nikiingia msikitini niingie na barua yako mfukoni.

Msalimie mama watoto na watoto, karani wako asiyeona mbali, wauguzi wote kwa zamu zao, na dereva wa gari la wagonjwa, ambaye nimesikia ni mtu wa taratibu. Sabra anakusalimu. Abeid anakusalimu kwa mbali, bila kugusa. Na ukikutana na Godlove mwambie bado nangoja ile tafsiri.

Wako katika uganga wa taifa,

Shaibu bin Mfaume,
Mganga, na Naibu Mganga Mkuu Mtarajiwa.

Nyongeza. Nilipokwisha kutia sahihi nilitaka kusimama nimkabidhi Abeid barua, aje nayo kwako kwa pikipiki. Sikusimama. Nimejaribu mara mbili, mara ya pili nimeshikwa na watu wawili. Sabra akanifinya kidole kidogo cha mguu akaniuliza kama nasikia. Nikamuuliza, kidole gani. Akageuka ukutani. Devotha yuko hapa, amevihesabu. Viko vitano, ila hicho cha mwisho kina rangi ya zambarau iliyoiva, na wekundu umeshapita goti. Simu za hapa tangu jana hazishiki, kwa hiyo barua hii ndiyo simu.

Kama una mazoea ya wakubwa ya kuanza kusoma chini, huko juu usihangaike kupanda. Naomba gari. Usinijibu kwa barua, nijibu kwa gari. Lije leo, alasiri, watu wakiwa wameingia msikitini, king'ora kizimwe, lisimame upande wa migomba. Dereva akiulizwa aseme Mganga Mkuu ameniita kikaoni.

Wale mia tatu na kumi na saba walipona kweli, sikukudanganya. Ila wengi wao walikuwa wakitoka kwangu wanapitia mlango wa nyuma wa zahanati. Mimi nilikuwa najua, Devotha alikuwa anajua, nao walikuwa wanajua kuwa tunajua, na hakuna aliyemuumbua mwenzake. Wale wawili hawakupita huko. Niliwaambia wasipite.

Mlango huohuo nauomba mimi. Unaibu usubiri, kwa sasa nafasi ninayoiomba ni kitanda. Vidonge vyote Sabra amevitoa chini ya mkeka, amejaza kikombe, ananitazama. Nimekubali kutibiwa kwa mbadala, nina maana kwa tiba ya kwenu, sindano zenyewe zile nene.

Na la sita limerudi. Nilisema acha nafasi, basi liandike pale.

6. Naumwa.